Malaika Aliyepungua

"Nani aliyeviokota?" Concessa aliuliza.

"Mimi mwenyewe," alijibu Torsten Ahlmark. "Sikutaka mtu mwingine aviguse."

Concessa Nahimana aliinama juu ya meza ndefu ya karakana, mikono nyuma. Mbele yake, juu ya karatasi nyeupe, vilipangwa vigae vyekundu kama tofali: nusu ya bawa, mkono usio na vidole, kipande cha uso chenye jicho moja, mikunjo ya vazi. Hadi Alhamisi jioni hivyo vyote vilikuwa malaika mmoja wa udongo wa kuchomwa, kimo chake dhiraa moja, aliyefinyangwa Rumi katika karne ya kumi na saba. Ijumaa asubuhi Torsten, mkurugenzi wa jumba hili dogo la makumbusho huku Sundbyberg, pembeni mwa Stockholm, alimkuta amesambaa sakafuni.

Leo ilikuwa Jumatatu ya Februari, mwaka 2009, na theluji ya barabarani ilishageuka tope la kijivu. Concessa alizaliwa Buyenzi, mjini Bujumbura. Sasa alikuwa mpelelezi wa polisi katika kituo cha Solna, na faili alilokabidhiwa asubuhi hiyo lilionekana jepesi. Kwa taarifa ya Torsten, bodi ya jumba ilimtuhumu fundi wake, Matayo, Mganda anayeishi Norsborg, kwamba ameharibu mali kwa makusudi, ikamsimamisha kazi. Alhamisi mchana Matayo ndiye aliyemtoa malaika kwenye kabati la kioo, akamshusha karakanani na kumfunga kwenye kitako cha chuma, ili kesho yake akaguliwe na mtaalamu kutoka Rumi. Jioni, jumba likiwa limeshafungwa, jirani aliona taa ya karakana inawaka. Ufunguo wa karakana walikuwa nao watu wawili tu, Matayo na Torsten.

"Wewe jioni hiyo ulikuwa wapi?"

"Kwa shangazi yangu, Ingegerd. Yuko nyumba ya wazee, mtaa wa pili tu kutoka hapa. Nampitia kila jioni. Waulize wauguzi."

"Nitawauliza. Na Matayo? Mligombana?"

"Aliomba likizo nyingine ndefu, nikamkatalia. Kiangazi kilichopita alikaa Uganda mwezi mzima." Torsten alikuwa mtu mrefu, mwenye mikono safi, na alizungumza taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Sipendi kumfikiria vibaya. Pengine ni uzembe tu, hakukaza skrubu. Lakini alidanganya kuhusu alikokuwa, na bodi haitaki kusikia zaidi ya hapo."

Mlango ukagongwa. Aliyeingia ni mwanamke mnene wa makamo, kilemba cha buluu kichwani na koti jembamba mno kwa baridi ya Stockholm. Huyu alikuwa Laurentine, mtaalamu mwenyewe wa kutoka Rumi. Alizaliwa Bukavu, akasomea historia ya sanaa Italia na kubaki huko akifundisha. Alipoona jina la Concessa kwenye kitambulisho, aliacha Kiswidi chake cha kuokoteza na kuhamia Kiswahili.

"Ah, bon! Wewe ni wa kwetu. Dada, tangu Ijumaa naomba kugusa vipande hivi, huyu bwana ananikatalia. Anasema tungojee polisi."

"Polisi ndiye mimi. Tutagusa. Lakini kwanza nieleze kama mtu asiyejua kitu. Kwa nini mtu asafiri kutoka Rumi kwa ajili ya kitu cha udongo?"

Laurentine alivua koti, akalitupa juu ya kiti.

"Unamjua Daudi, yule aliyempiga Goliathi? Kule Italia wachongaji wamemchonga mara nyingi. Angalia." Akasimama wima, mguu mmoja umelegea, mkono kiunoni, macho chini. "Huyu ni wa zamani zaidi, wa Donatello. Vita vimekwisha, kichwa cha Goliathi kiko chini ya mguu wake. Amepumzika." Akanyanyua uso, akakaza shingo na kutazama mbali. "Huyu ni wa Michelangelo. Vita bado. Anafikiri. Unaweza kumtazama siku nzima, hatakufanya kitu. Sasa ngoja, ipite miaka mia na zaidi."

Ghafla akapinda kiuno, akatupa bega nyuma, akauma midomo, mikono yote miwili imevuta kombeo ambalo halikuwepo. Concessa akarudi nyuma, akagonga rafu.

"Umeona?" Laurentine alicheka. "Umekimbia! Huyo ni Daudi wa Bernini. Jiwe liko njiani, na Goliathi ni wewe. Hiyo ndiyo sanaa ya Baroki. Waprotestanti walikuwa wamelitikisa Kanisa, na Kanisa likataka muumini asiingie na kutazama tu. Aguswe. Marumaru iwe nyama, iwe nywele, iwe upepo. Lakini marumaru haina masahihisho, dada, ukikosea umekosea. Kwa hiyo kwanza walijaribu kwa udongo, haraka haraka, wazo likiwa bado moto. Huyu malaika alikuwa jaribio la namna hiyo. Karakana gani, mkono wa nani, hatujui. Ndicho nilichokuja kutafuta."

Torsten hakuelewa Kiswahili. Alikuwa akitazama dirisha.

*

Njia nyekundu ya treni inaishia Norsborg. Babirye, mke wa Matayo, alifungua mlango kabla Concessa hajagonga mara ya pili.

"Polisi tena," alisema. "Karibu, dada. Viatu acha hapo."

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nzito. Alimimina chai ya maziwa kwenye vikombe, akakaa karibu na mumewe, si kwa mapenzi bali kama mtu anayezuia mlango. Binti yao mdogo alichungulia kutoka chumbani. Alipoambiwa asalimie, alisema "hej" na kurudi ndani.

"Jumapili kanisani benchi zima lilikuwa letu peke yetu," Babirye alisema. "Watu wanasikia haraka. Na maombi yetu ya uraia yako kwa watu wa uhamiaji. Mtu mwenye kesi wanamweka pembeni. Wewe unajua hayo."

"Najua, mama." Concessa alimgeukia Matayo. "Kaka Matayo, ulisema Alhamisi ulirudi nyumbani moja kwa moja. Mkeo alisema ulifika chakula kimepoa."

Matayo alikuwa na mikono mikubwa, ameifungia katikati ya magoti. 

"Mjibu," Babirye alisema. "Hata mimi nataka kusikia."

"Nilikuwa Hallonbergen."

"Kwa nani?"

"Si kwa mtu. Kuna chumba pale, stoo chini ya jengo. Nakodi."

"Unafanya nini humo?"

Matayo alimtazama mkewe, kisha sakafu. Babirye akanyanyuka, akaenda jikoni, akauacha mlango wazi.

"Sema," alisema kutoka huko. "Sisikilizi."

"Nafinyanga," Matayo alinong'ona. "Udongo. Nafinyanga mtu."

Concessa alishusha kikombe. Hadi sasa alikuwa akitafuta mtu mwenye ufunguo na hasira. Sasa alikuwa na mtu mwenye ufunguo na chumba cha siri kilichojaa udongo.

"Tutakwenda kukiona leo hii. Kabla ya hapo niambie, Alhamisi ulimfungaje malaika?"

"Kitako ni changu, nilikitengeneza miaka miwili iliyopita walipompeleka kupigwa picha. Nilikunja chuma kufuata nyayo zake. Alikaa humo kama jino kwenye ufizi. Lakini Alhamisi nilipomweka alikuwa anacheza."

"Anacheza vipi?"

"Kidogo. Kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha kaka yake. Nikadhani sponji za zamani zimechakaa, nikaongeza nyingine, nikakaza mpaka akatulia. Dada, haki ya Mungu, nilikaza."

"Ulimwambia mtu?"

"Nilimwambia bosi. Akasema kaza tu, kesho mgeni anakuja mapema."

Concessa aliandika neno moja, *anacheza*, akalipigia mstari.

*

Stoo ya Hallonbergen ilikuwa chini ya jengo la ghorofa nyingi, kati ya mlango wa mashine za kufulia na mahali pa baiskeli. Concessa alimwomba Laurentine aje. Alihitaji macho ya mtu anayejua udongo. Matayo alifungua kufuli, akawasha taa, akasimama pembeni na kofia mkononi.

Concessa alipekua kwanza. Magunia mawili ya udongo wa kijivu, ndoo, visu vya mbao, sega la plastiki lenye meno yaliyokatwa. Alisogeza mbao, akatazama nyuma ya bomba la maji moto. Hakuna plasta, hakuna kalibu ya kubonyezea udongo, hakuna tanuri. Katikati ya chumba, juu ya kiti kirefu, kitu kimefunikwa kwa taulo bichi.

"Kifunue," alisema.

Kilikuwa kichwa cha mwanamke na mabega yake. Alikuwa amegeuka ghafla, kana kwamba ameitwa kwa nyuma na mtu anayempenda, mdomo unaanza kucheka, kilemba kimemfunguka upande mmoja.

"Huyu ni mkeo," Concessa alisema.

"Hapana. Ni pacha wake, Nakato."

"Alikufa?"

"Kwetu Buganda pacha hatusemi amekufa. Tunasema ameruka." Matayo aliikunja kofia. "Aliruka wakati wa vita, nyumba ikaungua, hakuna picha hata moja iliyobaki. Babirye anasema kila mwaka sura inamtoka kidogo. Sura ninayo nyumbani, ni ile ile, naitazama kila siku. Lakini nikiifinyanga imetulia inakuwa Babirye. Nakato hakuwa mtu wa kutulia. Nilimwona mara mbili tu na mara zote mbili alikuwa anageuka. Basi nikawa nikifuta kioo cha kabati pale kazini namtazama yule malaika. Nikaona shingo inakwenda huku, bega linabaki kule. Nikasema, kumbe ni hivyo."

"Na Babirye umemficha kwa nini?"

"Kama nikikosea? Nimwonyeshe pacha wake akiwa mtu mwingine?"

Laurentine alikizunguka kile kichwa polepole. Alisahau kwamba amekuja kwa ajili ya polisi. Aligonga kwa kidole nyuma ya shingo, akasikiliza.

"Umejaza tu, kaka. Udongo mzito hadi ndani. Hiki ukikichoma kitapasuka. Lazima ukikate nyuma, ukikwangue ndani libaki ganda, kisha ukiunge."

"Wale wa Rumi walifanya hivyo?" Concessa aliuliza.

"Ndiyo, karibu wote. Walikuwa na haraka, walikwangua kwa kisu, kwa waya, kwa chochote. Ndani ya kila jaribio kuna fujo, mikwaruzo huku na huku. Mimi nafurahia ndani kuliko nje."

"Na ndani ya vigae vyetu kuna nini?"

Laurentine aliikumbuka ile meza ya karakana. Torsten alikuwa amevipanga vigae vyote uso juu.

"Sijui," alisema. "Hawakuniruhusu kuvigeuza."

"Twende Sundbyberg," Concessa alisema. "Na wewe Matayo."

*

Torsten alikuwa ofisini juu. Concessa hakumwita. Alivaa glavu, akashika nusu ya bawa, akaigeuza. Kisha kipande cha vazi. Kisha cha kifua.

Ndani kulikuwa laini. Unene wa kila kigae ulikuwa sawasawa, kama wa bakuli la dukani, na sehemu moja ya ubavu ilikuwa na mstari mwembamba ulionyooka, mahali ambapo nusu mbili zilikutana.

"Mon Dieu," Laurentine alisema. "Huu umebonyezwa kwenye kalibu. Hakuna aliyekwangua hapa."

"Usiseme bado. Matayo, kitako chako kiko wapi?"

Matayo alikitoa chini ya meza. Concessa alibandua sponji zote, za zamani na mpya, mpaka kikabaki chuma kitupu. Wakatafuta vipande vya miguu na vya jiwe ambalo malaika alisimama juu yake, vilikuwa vichache na vikubwa. Laurentine akavishikanisha kwa utepe wa karatasi, akavishusha taratibu ndani ya kile chuma.

Vikatumbukia. Pembeni palibaki nafasi ya kupitisha kidole.

"Lakini mimi nilipima," Matayo alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitetea bado. "Nafasi niliyoacha ilikuwa ya sponji nyembamba tu, si ya kidole."

"Nakuamini. Chuma hakinenepi," Concessa alisema. "Laurentine, udongo unaweza kupungua? Kwa miaka, kwa ukavu wa humu ndani?"

"Udongo uliochomwa? Kamwe. Unapungua mara mbili tu, ukikauka na ukiingia tanurini. Baada ya hapo basi, hata miaka elfu." Laurentine akajipiga paji la uso. "Lakini ukichukua sanamu ya zamani, ukaitolea kalibu, ukabonyeza humo udongo mbichi, ukakausha, ukachoma, mtoto anatoka mdogo kuliko mama. Kila mara. Hakuna fundi duniani anayeweza kuzuia."

Concessa alivuta kiti akakaa. Alipenda kuyasema mambo kwa sauti, moja baada ya jingine, kama mtu anayetandaza nguo kwenye kamba.

"Kwa hiyo aliyevunjika ni nakala. Nakala hii ilikaa kabatini, nyuma ya kioo, taa hafifu, inatazamwa kwa mbele tu. Hakuna aliyegundua. Ingekaa hivyo mpaka tuzeeke. Nini kilibadilika?"

"Mimi," Laurentine alisema. "Nilikuwa nakuja."

"Ungemgeuza. Ungempima. Ungechungulia ndani. Basi ilibidi avunjike kabla hujafika, na avunjikie mikononi mwa mtu. Sasa, kutoa kalibu si kazi ya mchana mmoja. Malaika alihitaji kukaa mbali na hapa kwa muda. Matayo, aliwahi kutoka nje ya jumba hili?"

"Kupigwa picha, ile siku moja, na mimi nilikuwa naye. Na kiangazi kilichopita. Nilisikia alipelekwa kusafishwa."

"Ulisikia?"

"Nilikuwa Uganda. Niliporudi nilimkuta kabatini."

Concessa alipanda ngazi. Torsten alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, kana kwamba amesimama muda mrefu.

"Kiangazi malaika alikwenda wapi?"

"Napoli. Kusafishwa. Kule kuna mafundi wazuri."

"Nani alimpeleka?"

"Mimi."

"Nani alimrudisha kabatini?"

"Mimi. Matayo hakuwepo."

"Wauguzi wa shangazi yako nimewapigia simu nikiwa njiani. Alhamisi ulifika, ni kweli. Lakini ulifika wazee wameshalala, na kwa kawaida unafika kabla ya chakula. Malaika wa kweli yuko wapi?"

Rangi ilimtoka Torsten usoni polepole, kuanzia midomo.

"Sijauza kitu," alisema.

"Sikuuliza kama umeuza."

Torsten alikaa chini. Akasema hatajibu jambo jingine lolote bila wakili, na Concessa akamwambia hiyo ni haki yake. Akamwita askari kutoka Solna aje akae naye. Lakini ile *sijauza* ilimkaa kichwani alipokuwa akishuka ngazi. Mwizi akiulizwa kitu kiko wapi, husema sijui. Huyu alijitetea kwa jambo ambalo hakuna aliyelitaja, kana kwamba ndilo pekee lililomuumiza.

*

Bi Ingegerd Ahlmark alikuwa ameketi karibu na dirisha lisilomsaidia kitu. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe. Mfanyakazi wa nyumba ya wazee alimweleza Concessa mlangoni kwamba mzee huyu ndiye aliyeukusanya mkusanyo wote wa jumba, na ndiye aliyeutoa kwa umma macho yalipoanza kufifia. Concessa alikuja kuhakikisha saa ya Alhamisi, na kuuliza habari za zamani za malaika. Alivuta kiti, akajitambulisha kwa Kiswidi.

"Polisi," Bi Ingegerd alisema. "Na lafudhi ya Kifaransa kwa mbali. Umetoka wapi, binti?"

"Burundi. Nimekuja kuhusu malaika wako wa Rumi."

"Torsten amekwambia?"

"Ameniambia nini?"

"Basi hajakwambia." Mzee alitabasamu.

Concessa alitafuta maneno laini. "Bi Ingegerd, nasikitika kukupa habari hii. Ijumaa asubuhi malaika alikutwa amevunjika. Vipande vipande."

Bi Ingegerd akacheka, kicheko kifupi cha msichana.

"Usinitishe. Nimempapasa leo asubuhi." Akanyoosha kidole upande wa kabati la nguo. "Rafu ya chini, nyuma ya masweta. Torsten anasema wauguzi wasimwone, watampiga chini kwa fagio."

Concessa alifungua kabati. Alisogeza masweta mawili ya sufu, na ndani ya la tatu akahisi uzito. Alilifungua juu ya kitanda.

Malaika alikuwa mzima. Alikuwa mkubwa kidogo kuliko Concessa alivyomwazia kutokana na vile vigae, na mchafu zaidi, na vazi lake lilipeperushwa na upepo uliotoka upande usiojulikana. Chini yake, ndani ya tundu la nyuma, mikwaruzo ilikwenda huku na huku kama ya kuku.

"Nipe," Bi Ingegerd alisema, na Concessa akampa.

"Miaka arobaini nilikuwa naye sebuleni. Nilidhani namjua. Nilimtazama kwa mbele, kama watu wanavyotazama picha ya mfalme. Macho yalipokwenda nikaomba jumba liniruhusu kumshika. Bodi ikasema hapana, ni mali ya umma. Ni kweli, mimi mwenyewe niliitoa." Vidole vyake vyembamba vilipanda mgongo wa malaika, vikazunguka bawa, vikashuka gotini. "Shika hapa. Goti hili linakwenda. Sasa shika la pili. Linakataa. Vidole vinamzunguka na havipati mahali popote ambapo amesimama. Mtu aliyemfanya alitaka azungukwe, na mimi nimejua nikiwa kipofu."

Concessa alishika goti la kwanza, kisha la pili. Ilikuwa kweli.

"Torsten ni mtoto mwema," mzee alisema. "Alisema ameagiza nakala kwa ajili ya kabati. Nani anadhurika?"

"Kuna mtu amedhurika."

Akamweleza. Mtaalamu aliyekuja, nakala iliyosukumwa sakafuni, fundi aliyekuwa na ufunguo wa pili. Kazi aliyosimamishwa, benchi tupu la kanisani, karatasi za uraia. Bi Ingegerd alisikiliza bila kukatiza, vidole vimesimama juu ya bawa.

"Anaitwa nani?"

"Matayo."

"Torsten anajua kwamba huyo Matayo anaweza kushtakiwa?"

"Torsten ndiye aliyemtaja."

Mfanyakazi alipita koridoni na toroli la vikombe. Bi Ingegerd alingoja mpaka sauti ikaisha. Kisha akamnyanyua malaika kwa mikono miwili, akamnyoosha mbele yake hewani, mahali alipodhani Concessa yupo.

"Mchukue upesi," alisema, "kabla sijabadili nia. Na kesho nipelekeni kwa huyo mtu."

*

Torsten aliandikisha maelezo yake usiku uleule, wakili akiwa pembeni, na hakuficha kitu. Alisema alitaka kuvunja nakala tu. Kuhusu Matayo alidhani mambo yatapoa, ataonywa, basi. Jalada la Matayo lilifungwa asubuhi, la Torsten likafunguliwa, na Concessa aliweka sahihi yote mawili. Mchana akamchukua Bi Ingegerd kwa gari. Torsten, ambaye aliachiwa akingoja mwendesha mashtaka, alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Alikuja kwa sababu shangazi yake alimwambia panda.

Babirye ndiye aliyefungua mlango. Nyuma yake Matayo alisimama kwenye ukumbi mwembamba, shati limepigwa pasi. Kwa jinsi Babirye alivyoweka mkono nyuma bila kugeuka, ukakuta mkono wa mumewe, Concessa alijua kwamba siri ya Hallonbergen ilikuwa imeshasemwa, na imepokelewa.

"Jina langu ni Ingegerd," mzee alisema. "Nimekuja kuomba radhi kwa jambo lililofanywa kwa ajili yangu. Sikulijua, lakini nililifurahia."

 Babirye akamshika kiwiko, akamvusha kizingiti.

"Ingia, mama," alisema kwa Kiswidi. "Kuna kiti mbele yako, upande wa kulia. Viatu usijisumbue."

Torsten aliinama kufungua kamba za viatu vyake.

"Wewe ngoja," Babirye alimwambia. "Wewe utasemea hapo hapo ulipo, na mlango utabaki wazi. Majirani wangu walisikia habari ya kwanza. Waisikie na ya pili."

Mlango wa pili kwenye ngazi ulifunguka kidogo, na wa juu yake. Torsten Ahlmark akasimama wima, kiatu kimoja mkononi, akaanza.